Dawa, ini na sahani ya chakula: usalama wa tiba Njombe na Makambako unaanzia jikoni

Na Mwandishi Wetu, Njombe

Mwananchi wa Njombe anayefuatilia taarifa za Serikali kuhusu afya hupokea matangazo ya aina mbili, nayo humfikia kwa njia mbili tofauti. La kwanza humhimiza kupima VVU na kifua kikuu, kuanza dawa mapema na kuzimeza bila kukosa. La pili humhimiza kuzingatia lishe ya mtoto, ya mama mjamzito na ya familia nzima. Tangazo la kwanza hutoka kwa mganga, la pili hutoka kwa ofisa lishe. Moja husikika katika kliniki ya tiba na matunzo, jingine husikika katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Makala haya yanajenga hoja kwamba matangazo hayo yote yanahusu kiungo kimoja cha mwili, yaani ini, na kwamba mgonjwa asiyeelezwa uhusiano huo amepewa nusu tu ya maelezo anayostahili.

Hali ya mkoa ndiyo inayoipa hoja hii uzito. Matokeo ya Utafiti wa Viashiria na Matokeo ya UKIMWI wa mwaka 2022/23, yaliyotangazwa Desemba 2023, yaliuweka Mkoa wa Njombe mbele ya mikoa yote kwa kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 12.7 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wakati wastani wa Taifa ni asilimia 4.4. Kabla ya hapo, Utafiti wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa Taifa ni asilimia 30. Udumavu ni kipimo cha mtoto, hautupi moja kwa moja hali ya lishe ya mtu mzima anayetumia dawa. Hata hivyo, jiko linalompikia mtoto huyo ndilo linalompikia baba na mama yake.

Kwa hiyo mkoa wenye wakazi 889,946 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 una watu wengi wanaomeza dawa kila siku ya maisha yao. Wengine huongezewa dawa za kutibu au kukinga kifua kikuu, na wengi wao wanaishi katika kaya ambazo mlo wake una wanga mwingi na protini kidogo. Hapo ndipo ini linapoingia.

Chakula chenye protini, kiwe maharage, dagaa, yai au maziwa, kinaposagwa tumboni huvunjwa kuwa chembe ndogo ziitwazo asidi amino. Chembe hizo huchukuliwa na mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye utumbo kwenda moja kwa moja katika ini, kabla ya kufika kiungo kingine chochote. Vidonge vinavyomezwa hupita katika mshipa huo huo. Ini hupokea chakula na dawa kwa mlango mmoja, na kazi ya kushughulikia kimoja hutegemea kwa kiasi kikubwa kile lilichopata kutoka kwa kingine.

Ini hutumia asidi amino kwa kazi nyingi. Hutengeneza protini za damu, zikiwamo zile zinazoifanya damu igande mtu anapojikata. Hubadili amonia, ambayo ni taka ya uchakataji wa asidi amino, kuwa urea inayotoka katika mkojo. Ini linaposhindwa kabisa, amonia hubaki katika damu na kufika kwenye ubongo. Ndiyo sababu mgonjwa wa ini aliyezidiwa huchanganyikiwa, husinzia, na ndugu zake wakati mwingine hudhani amerogwa au amepatwa na ugonjwa wa akili. Kazi inayotuhusu zaidi, hata hivyo, ni ya tatu: kutengeneza glutathioni.

Glutathioni ni muungano wa asidi amino tatu, yaani glutamati, sisteini na glisini. Ndiyo kinga kuu ya seli za ini dhidi ya sumu zinazozaliwa wakati dawa inapochakatwa. Dawa nyingi haziliumizi ini zikiwa kama zilivyomezwa. Madhara hutokea katikati ya safari, pale vimeng'enya vya ini vinapoibadili dawa ili iweze kutolewa mwilini na, katika kufanya hivyo, huzalisha kwa muda mfupi kemikali kali inayoweza kuunguza seli. Glutathioni huikamata kemikali hiyo na kuipoza. Ikiwa akiba inatosha, mtu hatajua kamwe kwamba jambo hilo limetokea ndani yake. Ikiwa imepungua, kemikali hushika protini za seli yenyewe, na seli hufa.

Katika zile asidi amino tatu, inayokuwa adimu kwa kawaida ni sisteini, yenye madini ya salfa. Mwili huipata katika chakula au huitengeneza kutokana na asidi amino nyingine yenye salfa, methionini, ambayo hauwezi kuiunda wenyewe hata kidogo. Methionini ni lazima iliwe. Kutoka methionini hadi sisteini kuna hatua kadhaa zinazofanyika zaidi katika ini, na mbili kati ya hizo haziwezekani bila vitamini B6. Msomaji aikumbuke vitamini hiyo, kwa kuwa tutakutana nayo tena katika dawa za kifua kikuu.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni wa dawa ambayo hakuna nyumba isiyoijua, parasetamoli. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walieleza kwamba sehemu ndogo ya parasetamoli hugeuzwa na ini kuwa kemikali ya sumu, na kwamba ini huumia pale tu glutathioni inapokaribia kwisha. Ugunduzi huo ulifungua njia ya tiba. Kabla ya muongo huo kumalizika, madaktari wa Edinburgh, wakiongozwa na Laurie Prescott, walikuwa wameonesha kuwa asetilisisteini, ambayo ni sisteini iliyorekebishwa kidogo ili iweze kutolewa kama dawa, humwokoa mtu aliyezidisha parasetamoli endapo itatolewa mapema, hasa ndani ya saa nane. Asetilisisteini sasa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kimsingi dawa hiyo ni asidi amino, ambayo ini hupewa ili lijijengee upya akiba yake.

Kipimo cha juu cha parasetamoli kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Tatizo ni kwamba kipimo hicho huhesabiwa kwa mtu aliyekula. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa walioumia ini kwa kutumia parasetamoli gramu 4 hadi 10 kwa siku, kiasi kilichozidi kipimo lakini kisichokuwa kikubwa kama cha mtu aliyekusudia kujidhuru, na jambo lililowaunganisha ni kwamba walikuwa hawajala vya kutosha katika siku za karibuni. Walikuwa na homa, wana maumivu, hawana hamu ya chakula, wakaendelea kumeza vidonge.

Hali hiyo si ngeni Makambako. Mji huo uko mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inaachana na ile inayoelekea Njombe na Songea, reli ya TAZARA inapita hapo hapo, na madereva, wapakiaji na wafanyabiashara hulala na kuamka humo wakiwa safarini. Mtu mwenye mafua na maumivu ya mwili hununua vidonge vya parasetamoli, kisha hununua dawa ya mafua ya mchanganyiko bila kusoma kwamba nayo ina parasetamoli, kisha jioni hupoza uchovu kwa pombe. Hakuna alichokifanya ambacho yeye mwenyewe angekiita kuzidisha dawa. Mtoa dawa katika Duka la Dawa Muhimu ndiye pengine mtu pekee wa sekta ya afya atakayemwona siku hiyo. Mpango wa maduka hayo ulianza kwa majaribio mwaka 2003 katika mkoa jirani wa Ruvuma ili wananchi walio mbali na famasia wapate dawa bora kwa mtu aliyepata mafunzo. Swali la "umekula leo?" na la "umeshameza dawa gani nyingine?" halihitaji kifaa chochote, na kwa maoni ya mwandishi lingestahili kuwa la lazima kama lilivyo la umri wa mgonjwa.

Suala la kifua kikuu ni zito zaidi, kwa sababu mgonjwa hawezi kuambiwa aache. Tiba ya kawaida huanza kwa miezi miwili ya dawa nne, nazo ni isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kisha huendelea kwa miezi minne ya isoniazidi na rifampisini. Tatu za kwanza zinaweza kuumiza ini. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuwa zikitaja viwango vya madhara hayo vinavyotofautiana sana, kati ya asilimia 2 na 28 ya wagonjwa, kutegemea aina ya watu na namna ya kupima. Lishe duni, pombe, umri mkubwa, VVU na homa ya ini aina ya B au C ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Kwa mtu anayeishi na VVU, isoniazidi hutolewa pia kama kinga hata kama hana ugonjwa, kwa kuwa kifua kikuu ndicho kinachoongoza kwa kuua watu wa kundi hilo duniani.

Tahadhari ya dawa hii ilipatikana kwa gharama. Mwaka 1970 mjini Washington, watumishi 2,321 wa umma walipewa isoniazidi ya kinga baada ya mlipuko mdogo wa kifua kikuu mahali pao pa kazi. Watu 19 walipata dalili za ugonjwa wa ini na wawili walifariki. Tangu hapo kinga ya isoniazidi haitolewi bila kumfuatilia anayeitumia, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamtaka mtumiaji aelezwe dalili kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Isoniazidi huchakatwa katika ini kwa hatua zinazozalisha, miongoni mwa mengine, kemikali iitwayo hidrazini, yenye sumu. Kasi ya uchakataji huo hutofautiana baina ya watu kwa kurithi. Wanaochakata taratibu huwa katika hatari zaidi. Dawa hiyo hiyo huifunga vitamini B6 na kuipunguza mwilini. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa kidonge cha B6 pamoja nayo. Lengo lake kuu ni kuzuia ganzi na kuwaka moto kwa miguu na mikono, na haifai kutangazwa kama kinga ya ini iliyothibitishwa. Lakini B6 ndiyo inayohitajika katika hatua mbili zilizotajwa za kutengeneza sisteini, na ndiyo inayoviwezesha kufanya kazi vimeng'enya viwili vya kuhamisha asidi amino ambavyo maabara huvipima katika damu ili kujua kama ini limeumia. Seli ya ini inapopasuka, vimeng'enya hivyo humwagika katika damu. Kwa mtu mwenye upungufu mkubwa wa B6, majibu ya kipimo yanaweza kuonekana madogo kuliko uharibifu ulivyo. Mganga makini haangalii karatasi ya maabara peke yake, bali humwangalia na mgonjwa macho.

Je, kama akiba ya glutathioni ndiyo tatizo, kwa nini wagonjwa wote wa kifua kikuu wasipewe asetilisisteini? Hospitali za Cape Town, Afrika Kusini, zilijaribu kujibu swali linalokaribiana na hilo. Wagonjwa 102 waliolazwa kwa madhara ya ini yaliyotokana na dawa za kifua kikuu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa asetilisisteini kwa mshipa na wengine wakapewa dripu isiyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kuwa ini halikupona haraka zaidi kwa kipimo cha damu, siku 7.5 dhidi ya 8, ingawa waliopewa dawa walikaa hospitalini siku 9 na wenzao siku 18. Kwa hiyo jibu halijakamilika. Parasetamoli huumiza kwa njia moja inayoeleweka vyema. Dawa za kifua kikuu huumiza kwa njia kadhaa, na baadhi hazihusiani na glutathioni. Anayeuza virutubisho vya "kusafisha ini" kwa hoja kwamba sayansi imekwisha thibitisha anauza kitu ambacho sayansi haijakisema.

Kilicho wazi zaidi ni upande wa chakula, na hapa Njombe ina kitendawili chake. Makambako kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na mahindi ya nyanda hizi hulisha mikoa mingine. Mkoa huu huvuna viazi, maharage, ngano na maparachichi, na hufuga ng'ombe wa maziwa. Njaa ya tumbo si tatizo lake kubwa. Upungufu ulio katika mlo wa kila siku ndio tatizo. Mahindi yana methionini kwa kiasi cha kuridhisha lakini yana upungufu wa asidi amino nyingine mbili za lazima, laisini na triptofani. Maharage yana laisini kwa wingi na methionini kidogo. Vikiliwa pamoja katika mlo wa siku moja, kila kimoja hufidia pengo la mwenzake. Ugali uliokobolewa kwa mboga za majani na chumvi, siku tano mfululizo, haufanyi hivyo hata ukishibisha. Yai, dagaa, samaki na maziwa vina aina zote za lazima, na dagaa hukaushwa na kuuzwa kwa kipimo kidogo ambacho kaya ya kipato cha chini inaweza kukimudu kuliko nyama. Parachichi ni tunda zuri lenye mafuta mazuri, lakini halishiki nafasi ya protini. Jambo hili linasemwa hapa kwa sababu zao hilo limekuwa fahari ya mkoa, na fahari wakati mwingine hubeba mzigo usio wake.

Tanzania imewahi kuona kinachotokea salfa ya asidi amino inapokosekana mwili unapopambana na sumu, ingawa hapo sumu haikuwa dawa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime mkoani Mara kulizuka ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo. Waathirika walikuwa wamekula mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa ipasavyo, wakati huo huo wakikosa vyakula vya protini. Mwili huipoza sianidi ya muhogo kwa kuiunganisha na salfa itokayo katika sisteini na methionini. Mihogo ilikuwapo na sumu yake, protini haikuwapo.

Pombe nayo haikwepeki katika mjadala huu. Wakati wa mvua, mianzi ya Njombe na Iringa hugemwa ulanzi, na kinywaji hicho ni sehemu ya ujirani, ya kazi za ujima na ya sherehe. Makala haya hayakusudii kuhukumu desturi. Lakini unywaji wa kila siku hukiongezea ini kimeng'enya kile kile kinachozalisha sumu ya parasetamoli, na hupunguza glutathioni ndani ya seli. Kwa mtu aliye katika miezi sita ya tiba ya kifua kikuu, ushauri wa kuacha pombe yoyote kwa muda huo una sababu ya kikemia. Mgonjwa akielezwa sababu hiyo huupokea tofauti na anapofokewa.

Kwa upande wa Serikali, nyenzo nyingi zipo tayari. Mikataba ya lishe ambayo Rais alitiliana saini na wakuu wa mikoa jijini Dodoma mwaka 2022 inawapa viongozi wa mkoa wajibu unaopimika. Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unapeleka mtu mmoja katika kaya kwa masuala yote, badala ya kila programu kuwa na mjumbe wake. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa watoa huduma na kwa wananchi wenyewe. Kinachokosekana ni mshono kati ya nyenzo hizo. Fomu ya taarifa ya madhara ya dawa inaweza kujazwa kwa ukamilifu bila mahali popote mtu kuulizwa mgonjwa alikuwa anakula nini. Kadi ya lishe ya kaya nayo inaweza kujazwa bila kujua kwamba baba yupo katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Mhudumu wa ngazi ya jamii anayeingia katika kaya hiyo Makambako, Wanging'ombe au Makete anaweza kuziunganisha taarifa hizo mbili kwa mazungumzo ya dakika kumi, iwapo ameelekezwa kufanya hivyo na mratibu wa kifua kikuu na ofisa lishe wa halmashauri wakiwa wameketi meza moja.

Kwa mwananchi aliye katika dawa leo, yafuatayo ni ya kuzingatiwa. Kukosa hamu ya kula kusiko kwa kawaida, kichefuchefu kisichoisha, uchovu mkubwa, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi na macho kuwa ya njano ni dalili za kufika kituo cha kutolea huduma siku hiyo hiyo, si siku ya kliniki ijayo. Mgonjwa abebe dawa zote anazotumia, zikiwamo za dukani na za mitishamba. Asijiamulie kuacha ARV au dawa za kutibu kifua kikuu. Mganga ndiye atakayeamua ipi isimamishwe na irejeshwe lini, kwani nyingi hurejeshwa moja baada ya nyingine ini likishatulia. Kwa anayetumia dawa za kinga pekee na asiyeweza kumfikia mtoa huduma mara dalili zinapoanza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamtaka asimamishe dawa mara moja na kwenda kituoni mapema iwezekanavyo. Taarifa ya madhara aliyopata ijazwe hapo hapo kituoni kabla hajaondoka, na ana haki ya kuuliza kama imeshajazwa.